Kabla Hujafungua Kopo: Ngozi ya Mama Mjamzito

"Mimba imemkubali," husemwa juu ya mama aliyenawiri, mashavu yamejaa na ngozi inang'aa. Mwenzake aliyetoka madoa usoni, shingo imekuwa nyeusi na pua imepanuka, huambiwa imemkataa. Au huambiwa amebeba mtoto wa kike, kwamba binti humwibia mama yake uzuri angali tumboni. Hilo halina ukweli. Jinsia ya mtoto haipangi rangi ya mashavu ya mama. Zinazofanya kazi ni homoni za ujauzito, ambazo huziamsha chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, pamoja na wingi wa damu, ambayo ujauzito ukikomaa huwa imeongezeka kwa karibu nusu ya ile ya kawaida. Mama mmoja aweza kung'aa uso na kuvimba miguu wiki ile ile.

Karibu mabadiliko yote hayo hayana madhara, na mengi huondoka yenyewe baada ya kujifungua. Madhara huanza pale mama anapoona aibu, akatoka kwenda kutafuta cha kuyafuta.

Tuyataje basi, ili anayeyaona kwa mara ya kwanza asishtuke. Mstari mweusi hushuka katikati ya tumbo kupitia kitovuni. Chuchu na duara linaloizunguka hukoza rangi. Makwapa, shingo na mapaja kwa ndani huwa meusi zaidi. Usoni, hasa juu ya mashavu, kwenye paji la uso na juu ya mdomo, hutokea madoa ya kahawia yenye umbo kama la barakoa. Kwa wengi hufifia miezi kadhaa baada ya kujifungua, ingawa madoa ya usoni yanaweza kukawia, na kwa wachache hubaki. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni vinaweza kuyarudisha, kwa hiyo aliyepata madoa hayo amweleze mhudumu siku ya kuchagua njia ya uzazi wa mpango. Weusi wa shingo uliokuwapo hata kabla ya mimba, wenye ngozi nene kama mahameli, ni habari nyingine: unaweza kuwa dalili kwamba mwili hauitumii insulini vizuri, na ni sababu nzuri ya kuomba kupimwa sukari.

Michirizi nayo inastahili neno la ukweli, kwa kuwa ndiyo inayowauzia watu mafuta mengi kuliko kitu kingine chochote. Hutokea pale ngozi inapotanuka kwa haraka, huku nyuzi zake za ndani zikikatika. Anayepata na asiyepata hutofautiana zaidi kwa urithi, umri na kasi ya kuongezeka uzito. Hakuna mafuta, krimu wala losheni iliyothibitika kuizuia, iwe ya shilingi elfu mbili au ya elfu themanini. Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando yatapunguza mkwaruzo na kuwashwa, na hiyo ni faida ya kutosha. Anayekuuzia chupa ndogo kwa bei kubwa akikuahidi tumbo lisilo na alama anakuuzia matumaini. Michirizi yenyewe huanza ikiwa myekundu au ya zambarau, kisha hufifia.

Sasa tuingie dukani.

Katika masoko ya miji yetu, kuanzia Kariakoo hadi Bujumbura, kuna meza za vipodozi ambazo nyuma yake muuzaji ana beseni, kijiko na makopo yaliyofunguliwa. Hapo ndipo mkorogo wa kung'arisha ngozi unapopikwa. Humimina losheni ya kawaida iwe mchanganyiko mama, akakamulia tyubu mbili tatu za krimu za hospitali, akaongeza krimu isiyo na lebo, wakati mwingine na sabuni iliyokunwa, akakoroga hadi rangi iwe moja, akajaza kwenye kopo jeupe lisilo na jina. Ukimwambia una mimba atakujibu kwa upole kabisa: "Dada yangu, hii haina shida, wajawazito wengi tu wanapaka." Hasemi uongo kwa kukusudia. Yeye mwenyewe hajui kilichomo.

Katika kopo kama hilo kuna vitu vitatu vya kuviogopa, na kila kimoja kina namna yake ya kudhuru.

Cha kwanza ni zebaki. Huizuia ngozi isitengeneze rangi, ndiyo maana imetumika kwenye sabuni na krimu za kung'arisha kwa vizazi kadhaa. Lakini hupenya ngozi ikaingia katika damu, na makazi yake makubwa ni figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la tiba la Uingereza kuhusu wagonjwa wa figo waliokuwa wakivimba mwili na kupoteza protini nyingi kwenye mkojo. Wengi wao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, na baadhi yao walipata nafuu walipoziacha. Kwa mjamzito jambo hili ni zito maradufu. Protini kwenye mkojo na kuvimba mwili ndizo dalili ambazo mkunga huzitafuta kila mahudhurio ili agundue mapema kifafa cha mimba. Mama mwenye figo zilizoharibiwa na krimu anaweza kumchanganya daktari, na wakati huo huo mimba inazibebesha figo hizo mzigo zaidi. Zebaki pia hudhuru mishipa ya fahamu, na hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Haiishii kwa aliyepaka: hubaki kwenye shuka, taulo na mikono, na huvukiza hewani, hivyo mtoto mchanga anayelala kwapani mwa mama au bibi anayetumia krimu hiyo naye huipata.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambako sumu hiyo iliharibu watoto wangali tumboni, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni, na nchi wanachama zikakubaliana baadaye kwamba kufikia 2025 visiwepo kabisa. Sokoni bado vipo. Lebo mara nyingi haisemi. Ikisema, tafuta maneno "mercury", "mercuric", "mercurous", "calomel" au alama ya Hg. Na kuna onyo moja linalojisaliti lenyewe: maelezo yakikuambia uvue pete na mikufu, au uhakikishe krimu haigusi dhahabu, fedha wala alumini, liweke kopo chini. Zebaki hushikana na madini hayo na kuyaharibu. Losheni ya kawaida haina ugomvi na pete ya ndoa.

Cha pili ni haidrokwinoni, ambayo kwenye lebo huandikwa "hydroquinone". Wataalamu wa ngozi huitumia kwa muda mfupi na kwa kipimo, lakini si kwa mjamzito, kwa sababu moja rahisi: hupenya sana. Inakadiriwa kuwa kati ya asilimia 35 na 45 ya inayopakwa huingia mwilini, kiasi ambacho ni kikubwa mno kwa kitu cha kupaka. Hakuna ushahidi kwamba imelemaza watoto, lakini hakuna pia aliyeithibitisha kuwa salama, na hakuna doa la usoni linalostahili kubahatisha namna hiyo. Halafu ina kisasi chake. Ikitumika kwa muda mrefu juani huacha mabaka ya bluu iliyofifia na nyeusi, yenye vinundu vidogo kama mbegu za mtama, hasa kwenye mashavu. Mabaka hayo hayatoki. Anayeyapata huongeza krimu akidhani haijamkolea, na ndivyo anavyoyazidisha.

Cha tatu ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote kwa sababu ni dawa halali na inauzwa famasia: krimu za steroidi kali, hasa zenye "clobetasol" au "betamethasone". Daktari huziandika kwa ajili ya kiraka cha ngozi kilichoathirika, kwa siku chache. Kwenye mkorogo hupakwa mwili mzima, kila siku, miezi. Uchunguzi uliofanywa Uingereza uliona kwamba mama aliyetumia zaidi ya gramu 300 za steroidi kali za kupaka katika ujauzito wote alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu. Gramu 300 ni tyubu kumi za gramu thelathini. Kwa mtu anayejipaka kuanzia usoni hadi miguuni, hizo zinaweza kumalizika ndani ya miezi michache.

Steroidi hizo pia huikondesha ngozi. Mishipa ya damu huonekana kwa juu, jeraha dogo halikauki, na michirizi ambayo mama alikuwa akiikimbia huja minene na mipana kuliko ile ya mimba. Ikitokea akahitaji upasuaji wa kujifungua, ngozi ya namna hiyo haishiki nyuzi vizuri, na kidonda huwa rahisi kuingia vijidudu. Wakunga na madaktari wanaijua ngozi hiyo mara tu wakiigusa, hata mama akinyamaza. Sugu nyeusi za vidole juu ya mikono iliyo myeupe huwa zimekwisha kusema.

Niongeze sehemu moja ya mwili ambayo watu huisahau: matiti. Kinachopakwa kwenye matiti mwezi wa tisa kitakuwa mdomoni mwa mtoto mwezi unaofuata.

Na kuna vidonge na sindano za kung'arisha. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana ililazimika kuwaonya hadharani wajawazito waliokuwa wakimeza vidonge vya glutathioni ili watoto wazaliwe weupe. Bidhaa kama hizo zinauzwa Afrika Mashariki pia, kwa njia ya simu na mitandao. Hazijaidhinishwa kwa kazi hiyo popote. Rangi ya mtoto imeshapangwa na urithi wa wazazi na mababu, na vidonge havina pa kuingilia.

Serikali hazijanyamaza. Tanzania Bara, usimamizi wa vipodozi ulihamishwa mwaka 2019 kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kwenda Shirika la Viwango, TBS. Zanzibar kuna wakala wa chakula na dawa, ZFDA, na Kenya kuna shirika la viwango, KEBS. Makopo hukamatwa na kuteketezwa kila mara. Lakini mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila meza, na mkorogo hauna kiwanda cha kufungwa. Ukaguzi wa mwisho unafanywa na mama mwenyewe, na kanuni yangu ni ya kibishi kidogo: kisicho na lebo hakipakwi, hata kama dada yako ndiye aliyekileta.

Chunusi ni suala jingine. Miezi mitatu ya mwanzo huwarudisha wengi kwenye uso wa ujana wao, na kwenye kabati kuna dawa iliyobaki. Isiguswe kabla ya kusomwa jina. Vidonge vya isotretinoini ni miongoni mwa dawa za ngozi zilizo hatari zaidi: husababisha ulemavu mkubwa wa mtoto, na mwanamke anatakiwa awe ameviacha angalau mwezi mzima kabla ya kushika mimba. Aliyegundua ana mimba huku akivimeza aache siku hiyo hiyo na aende hospitali. Ndugu zake wa kupaka, tretinoini na adapaleni, pamoja na krimu za kuondoa makunyanzi zilizoandikwa "retinol", navyo viwekwe kando hadi baada ya kujifungua. Doksisaiklini na tetrasaiklini, ambazo watu wengi huzinunua kwa rejareja, huharibu rangi ya meno ya mtoto na kuathiri mifupa yake inapoanza kukomaa. Na vidonge vya urembo vya "nywele, ngozi na kucha" visomwe kwa makini: vitamini A ya namna ya retinoli ikizidi yuniti 10,000 kwa siku ni hatari kwa mtoto, hasa mwanzoni mwa mimba.

Kinachoruhusiwa kipo. Jeli ya benzoili peroksaidi ya kiwango cha chini, asidi ya azelaiki, na dawa za kupaka za erithromaisini au klindamaisini hutumika kwa wajawazito bila wasiwasi mkubwa. Asidi ya azelaiki ina faida ya ziada, kwamba hupunguza madoa pia. Zote ziulizwe kwa mfamasia au daktari, maana hata benzoili peroksaidi ikipakwa nyingi hukausha ngozi hadi ikachubuka, na mchubuko kwenye ngozi yetu huacha doa jeusi jipya.

Kuhusu madoa ya usoni, dawa kubwa zaidi ni kivuli. Jua ndilo linaloyakoza, na kwa ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huchangia. Kofia pana, mwavuli, kanga iliyotandwa vizuri: hivi havina gharama ya ziada. Krimu ya kukinga jua iwe ya kiwango cha 30 au zaidi, yenye zinki oksaidi au titani dioksaidi, kwa sababu hizo hubaki juu ya ngozi na kuizuia mionzi. Zina kasoro ya kuacha weupe kama wa unga. Zile zilizotiwa rangi ya kahawia hukaa vizuri zaidi usoni na huzuia pia mwanga huo mwingine.

Mama mwenye ualbino asiiache krimu yake ya jua kwa hofu ya mimba hata kidogo. Ngozi yake inaihitaji kila siku. Katika Tanzania, krimu ya Kilisun hutengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, mahsusi kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hugawiwa kupitia kliniki. Wataalamu wa kituo hicho wanajua ngozi ya hapa kuliko muuzaji yeyote wa mtandaoni.

Matunzo ya kila siku ni mepesi kuliko inavyodhaniwa. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini isiyo na manukato makali, na mafuta yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu. Sabuni ya mche ibaki kwenye nguo. Huikausha ngozi na kuiwasha. Dodoki liwe laini na lianikwe juani. Wapo wanaotia dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya kuoga kila siku wakidhani ndio usafi, na matokeo yake huwa ngozi iliyopauka na yenye nyufa, ambayo kwa hakika ndiyo inayoingiza vijidudu. Chuchu zioshwe kwa maji matupu. Na kile kiwembe cha kunyoa kabla ya kwenda kujifungua si cha lazima: Shirika la Afya Duniani halipendekezi wajawazito kunyolewa kama utaratibu, kwani mikato midogo midogo huwa mlango wa maambukizi.

Joto la kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, linawajua wajawazito wa pwani. Harara huota shingoni, chini ya matiti na kwenye mikunjo. Dera la pamba, kuoga kwa maji baridi mara mbili, kujikausha vizuri chini ya matiti, na losheni ya kalamini pale panapowasha. Paking'ang'ania kuwa pekundu, panatoa harufu au panatoka maganda, huenda ni fangasi, na krimu ya klotrimazoli ni salama. Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni ile krimu maarufu ya tatu kwa moja, yenye steroidi, dawa ya fangasi na ya bakteria ndani ya tyubu moja, ambayo watu huipaka kwa kila kitu. Steroidi hutuliza mwasho kwa siku tatu, fangasi wakaenea chini kwa chini. Wa pili ni vidonge vya griseofulvini, ambavyo huuzwa sana kwa ajili ya choa na mapunye. Mjamzito asivimeze.

Mwenye pumu ya ngozi tangu zamani naye nimtaje, maana akisoma habari za steroidi anaweza kuitupa dawa yake. Asiitupe. Haidrokotisoni hafifu, kwenye kiraka kinachowasha, kwa maelekezo ya daktari, ni salama katika ujauzito. Ngozi iliyokwaruzwa hadi ikatoa maji ni hatari zaidi.

Dawa ya mbu ya kupaka nayo hutiliwa shaka bila sababu. Yenye "DEET" hutumika kwa wajawazito kwa kufuata maelezo ya kwenye chupa, na malaria ni adui mkubwa zaidi wa mimba. Unapopaka na krimu ya jua, ianze ya jua, ya mbu ifuate.

Kwa wanawake wa Unguja, Mombasa na Lamu, ngozi ina utamaduni wake, na mwingi ni wa kupendeza tu. Liwa iliyosagwa juu ya jiwe na kupakwa usoni haina ubaya kwa ngozi isiyoikataa. Singo ya maua na mrehani vilevile, mradi isisuguliwe kwa nguvu na isitiwe mafuta makali ya karafuu, ambayo yakiwa mazima huunguza. Hina ya majani, ile inayoacha rangi ya machungwa iliyokolea au kahawia, haina tatizo kwa mama wengi.

Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mwili, haimo katika orodha hiyo. Weusi wake wa haraka unatokana na kemikali ya rangi ya nywele, ambayo kwenye pakiti hufupishwa PPD. Kwenye ngozi huweza kuleta malengelenge yanayofuata mchoro wenyewe, ua kwa ua, jani kwa jani, na baadaye kovu la umbo lile lile. Mwili ukishaichukia hauisahau: miaka kumi baadaye mtu anapaka rangi ya nywele akavimba uso hadi macho yanafunga. Hina ya kweli huhitaji saa kadhaa na haitoki nyeusi tii. Inayokoza kwa nusu saa ina kitu ndani.

Na hina asipakwe mtoto mchanga, hata kwa sherehe ya arobaini. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao si wachache katika maeneo yenye malaria, wanaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu wakapata manjano makali. Wanja wa manga nao una hadithi yake: mwingi una risasi. Risasi hiyo hupita kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni, na wanja ukipakwa kwenye macho au kitovu cha mtoto mchanga, risasi huingia moja kwa moja.

Nimeacha kuwashwa hadi sasa kwa sababu ndiko kunakohitaji kuamua haraka. Tumbo linalowasha kwa kutanuka ni la kawaida. Mwishoni mwa mimba ya kwanza wengine hupata vipele vyekundu vinavyoanzia kwenye michirizi ya tumbo na kukiacha kitovu. Vinakera sana, havimdhuru mtoto, na huisha baada ya kujifungua. Vikianzia kitovuni kwenyewe na kugeuka malengelenge makubwa, ni ugonjwa mwingine unaohitaji daktari wa ngozi na ufuatiliaji wa mtoto.

Kuna kuwashwa ambako hakuna kipele hata kimoja. Huanza mara nyingi baada ya wiki ya 28, kwenye viganja na nyayo, huzidi usiku, na mama hujikuna hadi akatoka damu huku wenzake wakimwambia ni damu chafu au nywele za mtoto. Inaweza kuwa nyongo iliyokwama kwenye ini. Mkojo ukiwa mweusi, choo kikiwa cheupe au macho yakiwa ya njano, shaka huongezeka, lakini dalili hizo si lazima ziwepo. Ugonjwa huu unaongeza hatari ya mtoto kufia tumboni, hasa kiwango cha asidi za nyongo katika damu kikizidi maikromoli 100 kwa lita. Hospitali hupima asidi hizo na utendaji wa ini, na huamua lini mtoto atolewe. Mwenye kuwashwa kwa namna hii aende kesho yake asubuhi. Asingojee tarehe ya kliniki. Mtoto akipunguza kucheza, aende usiku huo huo.

Vipele vya viganjani na nyayoni visivyowasha navyo vina maana yake: kaswende ya hatua ya pili huonekana hivyo. Kipimo chake ni sehemu ya hudhurio la kwanza la kliniki, tiba yake ni sindano ya penisilini, na mwenza atibiwe pia. Upele unaowasha usiku, katikati ya vidole na viunoni, huku na watoto nyumbani wakijikuna, unatibika kwa krimu ya permethrini, nyumba nzima siku moja. Vipele vyenye homa ni vya kuharakia hospitali. Tetekuwanga kwa mjamzito ambaye hajawahi kuugua inaweza kuwa kali, na mpox, iliyosambaa kutoka Kongo hadi Burundi, Uganda na majirani zao tangu 2024, huhatarisha mimba. Kabla ya kwenda, piga simu au mwambie mlinzi getini una vipele na homa, ili usikalishwe kwenye benchi na wajawazito wengine.

Kwa anayesoma haya huku mkorogo uko kabatini: hujachelewa, na hakuna sababu ya kujificha. Kama mkorogo huo una zebaki au haidrokwinoni, acha leo. Kama umekuwa ukipaka steroidi mwili mzima kwa miezi mingi, usikate ghafla bila ushauri, kwani ngozi inaweza kuwaka moto na tezi zinazotengeneza homoni za mwili huenda zimezoea kulala. Uchovu mkubwa, kizunguzungu na kutapika baada ya kuacha ni vya kuharakia hospitali. Yafunge makopo yote kwenye mfuko, hata lile lisilo na jina, uende nayo kliniki pamoja na kadi yako. Ukiona haya kusema mbele ya foleni, mwombe mkunga mzungumze kando, ameshaona mengi. Mwambie ni muda gani umepaka na ni sehemu zipi, na umwombe apime mkojo kwa protini siku hiyo, shinikizo la damu pia, na aandike kwenye kadi ili daktari wa chumba cha upasuaji ajue mapema.

Kopo unaloshuku lina zebaki usilichome moto, kwani moshi wake ni mbaya kuliko krimu, na usilimwage chooni wala mtoni. Lifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, uliweke mbali na watoto, kisha muulize afisa afya wa kata yako pa kulipeleka. Shuka na taulo zilizotumika zifuliwe peke yake, mbali na nguo za mtoto.